Boma jeupe, vibanda vyeusi: kusoma picha za kale za mitaa ya Mikindani na Lindi

Picha za kale za pwani yetu ya kusini, zile zinazosambaa kwenye simu kila mtu anapoikumbuka Mikindani ya zamani au Lindi ya Mjerumani, nyingi zina sura moja. Boma limekaa juu, linang'aa. Chini yake vibanda vyeusi ti. Mtaa mtupu, mbingu nyeupe isiyo na wingu hata moja, mlango wa nakshi umegeuka doa la giza. Wachangiaji hawakawii kueleza ishara: weupe ni utawala, weusi ni unyonge, utupu wa mtaa ni hofu. Maelezo hayo yana ukweli wake, ila yanaruka hatua. Kabla ya kuuliza mjenzi alikusudia nini na mpiga picha alitaka tuone nini, uliza kwanza kioo chenyewe, kile kilichopakwa dawa na kuwekwa ndani ya kamera kabla ya filamu, kiliweza kuona nini. Baadhi ya ishara tunazozisoma kwa kujiamini zilitengenezwa na dawa iliyopakwa juu ya kioo.

Dawa za mwanzo, kolodioni ya mwaka 1851 na jelatini kavu iliyotokana na kazi ya Richard Leach Maddox ya mwaka 1871, ziliona mwanga wa buluu na urujuani tu. Mwaka 1873 Hermann Vogel aligundua kwamba ukichanganya rangi fulani kwenye dawa, kioo huanza kuona kijani na manjano. Vioo hivyo vikaitwa othokromatiki. Vioo vinavyoona mpaka nyekundu viliingia sokoni mwaka 1906, lakini navyo vilikuwa na usumbufu wake: taa nyekundu ya chumba cha giza, ambayo mpiga picha aliizoea, iliviunguza. Kwa hiyo picha ya mtaa wa kwetu iliyopigwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ichukulie kuwa imepigwa kwa kioo kisichoiona nyekundu, mpaka upate ushahidi wa kukuonyesha vingine.

Sasa peleka kioo hicho Mikindani. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa hurudisha rangi zote, buluu ikiwemo, basi kwenye picha unawaka. Ukuta wa fito na udongo wetu mwekundu hurudisha buluu kidogo sana, basi unazama gizani. Makuti makavu yanazama vilevile. Mabati mapya huonekana karibu meupe, na mabati hayohayo yakishika kutu yanakuwa meusi. Mbingu ya buluu inaungua yote na kubaki nyeupe. Mtu aliyesimama mtaani siku ile aliona nyumba nyeupe na nyumba nyekundu zikipakana chini ya jua moja. Kioo kikamrudishia mchana na usiku.

Boma la Mikindani lilijengwa mwaka 1895 kwenye mteremko juu ya mji, likitazama ghuba. Kwamba liliwekwa pale lionekane, hilo halina ubishi. Mahali penyewe panasema, na mnara wake unasema. Lakini kiasi cha tofauti kati yake na nyumba za chini, ule mruko mkali wa rangi ambao ndio unaoipa picha nguvu, usimhesabie msanifu majengo. Nusu yake ni ya kemia.

Bendera ndizo zinazopotosha zaidi. Bendera ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa nyekundu tupu. Kwenye kioo cha zamani inatoka nyeusi, na tumeona ikielezwa kuwa bendera ya maombolezo. Ya Wajerumani ilikuwa na mistari mitatu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, lakini nyekundu inashuka mpaka kulingana na nyeusi, hivyo utaona mistari miwili ya giza na mmoja mweupe katikati. Ya Waingereza, waliouchukua mji wa Lindi na Mikindani mwaka 1916, ina uwanja wa buluu: buluu inapauka karibu na nyeupe, na kinachobaki ni msalaba wa giza. Ukiijua hesabu hii, bendera inakupa kipindi cha picha hata kama maelezo yake yamepotea. Angalizo moja tu: wachapaji wa postikadi walikuwa wepesi kuongeza bendera kwa brashi. Bendera iliyokunjuka vizuri juu ya mji ambao minazi yake yote imetulia haifai kuaminiwa.

Unaweza kuyahakiki haya mwenyewe. Piga picha ya rangi ya mtaa wowote wenye chokaa, udongo, makuti na mabati, saa tatu asubuhi, jua likiwa wazi. Ifungue kwenye programu kama GIMP, igawe katika rangi zake tatu, bakiza ya buluu peke yake igeuke nyeusi na nyeupe. Hicho ndicho kioo cha kabla ya Vogel, kwa ukaribu wa kutosha. Ukitaka othokromatiki, changanya kijani asilimia 50 na buluu asilimia 50, nyekundu sifuri. Kosa la kawaida hapa ni kubonyeza tu kitufe cha kuondoa rangi: kitufe hicho hupima rangi kama jicho la mtu linavyoona, kijani ikiwa na uzito mkubwa, nacho hakikuonyeshi kitu. Kosa la pili ni kupiga wakati wa mawingu, kwa sababu kivuli cha siku ya jua kina buluu nyingi inayotoka mbinguni. Ndiyo maana kwenye picha za kale vivuli vya mitaani wakati mwingine viko wazi kuliko ukuta mwekundu unaopigwa na jua.

Makuti na mabati yenye kutu, kwa kuwa yote ni meusi, yatofautishe kwa ukingo. Makuti yana nywele, ukingo wake umechakaa na kushuka bila mpangilio. Bati lina ukingo ulionyooka wenye mawimbi madogo ya kivuli. Na bati la mawimbi ni rula: wimbi hadi wimbi kwa kawaida ni inchi 3, yaani milimita 76. Ukiweza kuyahesabu mawimbi, umepata upana wa nyumba.

Tuje kwenye utupu wa mitaa. Mfano maarufu ni picha ya Louis Daguerre ya barabara ya Boulevard du Temple jijini Paris, ya mwaka 1838: barabara yenye pilikapilika ilitoka tupu, isipokuwa mtu mmoja aliyesimama kusafishiwa viatu, kwa kuwa lenzi ilibaki wazi dakika kadhaa na kila kinachotembea kilifutika. Miji yetu ilipigwa picha nyingi baadaye zaidi, wakati wa vioo vikavu, na hapo hesabu hubadilika. Mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida, kama mita 1.2 kwa sekunde, lenzi ikifunguka sehemu moja ya 25 ya sekunde, anasogea sentimita 5. Akiwa mita 15 kutoka kwenye kamera yenye lenzi ya milimita 150, ambayo ni lenzi ya kawaida kwa kioo cha sentimita 9 kwa 12, huo msogeo unakuwa nusu milimita juu ya kioo. Unaonekana. Mguu unaoenda mbele una kasi zaidi ya kiwiliwili, hivyo kwanza ukungu hushika miguu. Miguu yenye ukungu na kichwa kilicho safi: lenzi ilifunguka sehemu ndogo ya sekunde. Michirizi hafifu isiyo na umbo: sekunde nzima au zaidi. Waliokaa barazani wakiwa safi kabisa katika picha ambayo mtaa wake ni mtupu: hawakuwa peke yao, ila wao ndio waliotulia.

Ikiwa hakuna mchirizi hata mmoja na lenzi ilikuwa ya haraka, basi mtaa ulikuwa mtupu kweli. Hapo tena angalia vivuli. Saa sita mchana Lindi watu wako ndani, na hilo halihitaji nadharia ya hofu.

Milango inahitaji subira. Mbao zake, mara nyingi msaji au mfenesi, ni za kahawia, kwa hiyo kioo cha zamani huzifanya giza tupu na nakshi hupotea, isipokuwa jua likipita ubavuni mwa ukuta na kuokota kila mchoro. Kinachosalia ni umbo la nje, nalo lina maneno. Kizingiti cha juu kilichonyooka kwa kawaida ni cha mtindo wa mapema zaidi; cha nusu duara kilienea baadaye katika karne ya 19, pamoja na ladha ya Kihindi. Misumari mikubwa ya shaba nayo ilikuja na mkondo huohuo. Mfaa, ule mti wa katikati unaoziba mwanya wa mbao mbili, huonekana kama mstari hata picha ikiwa mbovu. Usipouona katika mlango mpana, kuna uwezekano unatazama mlango wa duka la mbao nyingi zinazokunjwa, na huo ni mlango wa biashara wala si wa heshima ya ukoo.

Kuhusu maana za nakshi zenyewe, samaki kuwa uzazi, mtende kuwa neema, ubani kuwa mali, hayo yanasimuliwa pwani nzima na hakuna ubaya kuyataja. Lile la kwamba mnyororo kwenye fremu unamaanisha mwenye nyumba aliuza watumwa tungeshauri liachwe. Mnyororo ni pambo la ukingo, unazunguka miimo ya nyumba za watu wa kila aina, na anayeuelewa kuwa ni ulinzi wa mlango hayuko mbali. Waongoza watalii wanaipenda hadithi ya watumwa kwa sababu inasisimua.

Kuna jambo kubwa zaidi kuliko nakshi: tarehe. Juu ya kizingiti wakati mwingine kuna maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria. Kuubadili, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1300 unaangukia 1883 hivi. Hiyo ni tarehe ya mlango. Milango huuzwa, huhamishwa na kurithiwa, hivyo usiipachike nyumba. Kibao cha ukutani nacho kina udhaifu uleule: Livingstone alipita Mikindani mwaka 1866, lakini jina lake kwenye ukuta halikuambii ukuta una umri gani.

Na kabla hujasoma tarehe yoyote, hakikisha picha haijageuzwa kushoto-kulia. Kioo kina pande mbili, upande wa dawa uliofifia na upande unaong'aa. Ukikitazama kupitia upande unaong'aa, dawa ikiwa mbali nawe, mji uko sawa. Aliyekiskani kinyume na asirekebishe ameugeuza mji mzima. Maandishi ya Kiarabu yaliyogeuzwa huonekana upesi kwa anayesoma, ila tarakimu ni mtego: 2 ya Kiarabu ikigeuzwa inafanana sana na 6, na 7 na 8 hazibadiliki kabisa. Mwaka 1281 ukigeuzwa unaweza kusomeka 1861. Kama hakuna maandishi, tumia bahari. Mikindani ghuba iko upande unaojulikana. Lindi mlango wa mto Lukuledi hauwezi kuhama.

Nyumba zilizobomoka zinasomeka kuliko nzima. Safu ya mashimo yaliyo kwenye mstari mmoja ukutani ni mahali boriti za mikoko zilipokaa kubeba dari. Hayo si matundu ya bunduki, ingawa tumesikia hivyo mara nyingi. Tundu la bunduki ni jembamba, limesimama wima, na hupanuka kwa ndani. Boriti ndiyo iliyopanga mji: mkoko hauzidi mita 2.5 hadi 3 kwa kubeba dari la chokaa, kwa hiyo vyumba ni vyembamba na virefu. Ukiona katika picha nafasi pana zaidi ya hapo bila nguzo, tafuta chuma au mbao ndefu zilizoletwa kwa meli. Jengo hilo ni la zama nyingine, au limefanyiwa kazi upya.

Upande wa mpiga picha: alisimama wapi, na nani alimlipa? Charles Marville aliajiriwa na jiji la Paris kupiga mitaa iliyokuwa inakwenda kuvunjwa. Thomas Annan alifanya kazi kama hiyo Glasgow kati ya 1868 na 1871. Vichochoro vyao vinaonekana vya giza na vyenye unyevu kwa sababu hoja ya mwajiri ilikuwa kwamba vinastahili kuvunjwa. Kwetu waajiri walikuwa wengine. Walther Dobbertin alikuwa na biashara ya picha Dar es Salaam enzi za Wajerumani, akiuza. Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig, alifika Lindi mwaka 1906, Vita vya Majimaji vikiwa havijaisha, akapanda bara mpaka Masasi na Newala. Yeye alikuwa anatafuta watu na desturi, na nyumba za mawe za pwani hazikuwa shabaha yake. Ndiyo maana katika kazi za aina hiyo mji wa pwani huonekana kwa mbali, na mtaa wa Wahindi wenye roshani huwa hauonekani kabisa. Kilwa Kisiwani ilipata balaa la kinyume: ikapigwa magofu, magofu, magofu, kana kwamba kisiwa hakikuwa na watu wanaoishi pembeni ya Msikiti Mkuu.

Alipo mpiga picha panapimika. Chukua picha iliyochapwa kwenye karatasi ya A4. Weka rula kwenye ukingo wa baraza upande mmoja wa mtaa, chora mstari uelekee ndani. Fanya vivyo hivyo kwa ukingo wa paa wa nyumba hiyohiyo. Inapokutana mistari ndipo ulipo urefu wa jicho la kamera. Kila kitu kinachokatwa na mstari wa usawa unaopita hapo kiko sawa na lenzi kwa kimo, alimradi mtaa hauna mteremko. Ukikata vichwa vya watu waliosimama, alisimama chini kama wao. Ukipita kwenye madirisha ya ghorofa, alikuwa juu ya roshani au bomani. Baraza lenyewe hufaa kama kipimo, kwani mengi yana kimo cha sentimita 45 hadi 60; lipime lililosalia, usikisie. Mikindani yenye mteremko hesabu hii inayumba, basi tumia nyumba zilizo kwenye kona moja tambarare tu.

Mnara ulioegemea nyuma unamaanisha kamera iliinamishwa kuelekea juu. Mnara ulionyooka vizuri katika picha iliyopigwa kutoka chini unamaanisha kamera ya kazi, yenye ubao wa lenzi unaopanda, na aliyeitumia alijali. Alama yake ni pembe mbili za juu za picha kuwa na giza la mviringo: ubao ulipandishwa kupita uwezo wa lenzi. Pembe zikikosekana na picha ikawa na uwiano wa ajabu, pengine zimekatwa. Joto letu nalo lilikata picha nyingi: jelatini ikisafishwa kwenye maji ya moto wa pwani hulegea, ikakunjamana na kubanduka kwenye kioo pembezoni, hata walioweka shabu kuikaza walipoteza kingo. Kitu kinachokosekana ukingoni hakikufichwa lazima kwa makusudi.

Postikadi zina tarehe zao. Ya Kijerumani isiyo na mstari wa kugawa nyuma, ambayo ujumbe umebanwa upande wa picha, ilichapwa kabla ya 1905. Stempu yenye thamani ya pesa, sarafu ya awali ya Wajerumani hapa, ni ya zamani kuliko stempu ya heller, sarafu iliyofuata, ambayo ilianza 1905. Stempu yenye twiga ni ya Tanganyika ya Mwingereza, kuanzia 1922. Lakini stempu inasema lini kadi ilitumwa, na picha inaweza kuwa na miaka kumi zaidi. Majina nayo yachungulie: Kilwa Kivinje waliandika Kiwindje, Sudi wakaandika Ssudi. Na picha ya barabara pana zilizonyooka yenye jina la Mtwara na mwaka wa 1910 ni kosa la mtu fulani, kwa kuwa mji huo ulipangwa baada ya 1947, wakati wa mradi wa karanga.

Ukitaka kurudi mahali palepale upige upya, simu inatosha. Tafuta jozi ya vitu, kimoja karibu na kimoja mbali: kona ya baraza na mwimo wa mlango wa mbali, kwa mfano. Sogea kushoto na kulia mpaka mwanya kati yao ulingane na wa picha ya kale, kisha tumia jozi ya pili upande wa pili. Mbele na nyuma unaamua kwa uwiano: kama mlango wa karibu ni mara tatu ya ule wa mbali pichani, tembea mpaka uwe mara tatu. Ukuzaji wa lenzi usiutegemee. Kukuza hakubadili uwiano huo, kutembea ndiko kunakoubadili. Mibuyu ni alama nzuri kuliko minazi.

Halafu vivuli. Tuko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini karibu na tarehe 20 Oktoba na 21 Februari. Kati ya tarehe hizo jua la adhuhuri liko kusini, miezi mingine yote liko kaskazini. Kwa hiyo ukuta unaotazama kusini ukiwaka jua likiwa juu, picha ni ya kaskazi. Ukuta wa mita 6 saa ya adhuhuri hutupa kivuli cha karibu mita 4 mwishoni mwa Juni, na mita 1.4 tu mwishoni mwa Desemba. Adhuhuri ya kweli Mikindani, kwa saa zetu za leo, huja saa sita na dakika ishirini hivi, ikisogea kidogo kwa majira. Ikiwa pwani inaonekana na majahazi yamelala kavu mbali na maji, hayo ni maji ya bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu) yaliyokupwa, na bamvua yetu hukupwa kabisa majira ya saa nne hadi saa tano, asubuhi na usiku. Usiku hawakupiga.

Picha zenyewe ziko mbali, ila nyingi zinaonekana mtandaoni: za Dobbertin kwenye hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, za chama cha kikoloni cha Kijerumani kwenye maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, na mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, chuo kikuu cha Northwestern, Marekani. Chukua faili kubwa kuliko zote linalotolewa. Ukiwa na kioo halisi cha sentimita 9 kwa 12 mkononi, kiskani kwa nukta 2400 kwa inchi, upate kama nukta 8,500 kwa 11,300. Postikadi nukta 1200 zinatosha, zaidi ya hapo unakuza chembe za uchapaji tu. Usikifute kioo kwa kitambaa chenye maji, dawa itatoka nayo. Kisha andika chini ya picha mambo matatu kwa mistari tofauti: kilichoandikwa awali na herufi zake zilezile, hata kama ni Kiwindje, unachokiona wewe, na unachokikisia, kikiwa na neno "huenda" mbele yake.